Ubao wa Tano

Saa moja asubuhi, Shildon bado imejifunika ukungu.
Nafungua mlango kwa ufunguo wa ofisi,
nampima Bwana Raine sukari, namhesabia vidonge,
naye, kabla hata ya kuitikia salamu,
anauliza kama mikono yangu leo imetulia.

Yake haitulii tena.
Miaka thelathini na minne ilishika nyundo
katika karakana ya mabehewa kule bondeni;
sasa kijiko kinamwaga chai njiani.
Basi mimi ndiye kibano chake.

Mezani, juu ya gazeti la wiki jana,
futi moja ya dunia ni milimita nne.
Behewa zima halizidi kidole changu cha kati:
mbao saba ubavuni, magurudumu manne,
na mstari mweupe wa mshazari
unaomwambia mpakuaji, mlango wa mwisho uko huku,
inamisha, makaa yatashuka yenyewe.

Nilidhani behewa ni behewa.
Alinitazama kama niliyetukana mtu.
Hili lina paa, akasema, ni la chokaa,
chokaa ikinyeshewa inachemka.
Hili la ng'ombe. Hili la samaki,
likipita, paka wote wa mtaa wanaamka.
Na hili la ndizi, lilipashwa joto kwa mvuke
toka bandarini hadi sokoni.
Nikacheka mpaka miwani ikanidondoka:
kumbe ndizi nazo zilifika Uingereza
zikatafutiwa sweta!

Leo tunapaka rangi.
Brashi ni ya kucha, ya marehemu mkewe, Doreen,
ameipunguza kwa wembe zikabaki nywele tano.
Kijivu, kisha kutu kwenye pembe,
kisha jina la mwenye mgodi, THIRLWELL NA WANAWE,
nusu liwe limefutika.
"Ubao wa tano usiuguse."
Ubao wa tano ni mweupe kama mfupa,
umekaa katikati ya wenzake kama jino la bandia.
Nauliza kwa nini.

Anachukua muda. Anameza kidonge kwanza.
Alikuwa na miaka kumi na mitano,
behewa limekuja limepasuka ubavu,
fundi mkuu akamwachia yeye: pima, kata, kaza nati.
Rangi siku hiyo haikuwepo.
Likaondoka na kiraka chake kupanga foleni na mengine.
Miaka sita baadaye, amesimama kwenye kivuko, mvua inanyesha,
treni ya makaa ikapita, behewa thelathini, arobaini,
na lile ubao wake ukiwa vilevile, haujapakwa,
mmoja wa nati umekaa upande.
"Nilivua kofia," anasema.
"Nikaona aibu, nikaivaa tena."

Shehena ikabaki.
Ndani ya kopo la tumbaku ana bonge moja la makaa ya kweli,
la mwisho kutoka ghala la Doreen nyuma ya nyumba.
Hana cha kulisagia, kwa hiyo nimekuja na kinu changu,
kile cha iliki, nilichokifunga katikati ya kanga
siku ya safari.
Natwanga taratibu, yanalia kama mifupa ya kuku.
Kwetu husema haba na haba hujaza kibaba;
shehena hii haijazi hata kijiko cha chai.
Tunaimwaga juu ya gundi. Tunapuliza.

Kisha anaunganisha mabehewa sita,
kila mnyororo pete tatu, nyembamba kuliko kope,
anamkabidhi injini kidole chake kinachotetemeka
na kuvuta.
Kile kitetemeshi ndicho kilichotakiwa!
Mnyororo wa kwanza unakaza, wa pili, wa tatu,
naye anatoa sauti kwa mdomo, ta, ta, ta, ta,
hadi mwisho wa meza, hadi kwenye sahani ya mkate,
hadi saa yangu inanikumbusha nina mgonjwa mwingine saa mbili.

Kinu nimekiosha mara tatu.
Jioni natwanga iliki, nachemsha,
na chini ya kikombe kuna unga mweusi umetulia.
Nimekunywa hadi ulipoanzia.